Mayai ya Medori

Mususa, Butembo, saa kumi za mchana

Masika, mwanangu, mama yangu,

Asubuhi uliniuliza swali dogo, nami nikajifanya natafuta miwani. Ulikuwa umekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mbwa wako mdogo amelala pajani, ukasema, "Papa, huyu nikimufikisha Kanyabayonga, nimupe kula gani?" Miwani ilikuwa usoni pangu. Uliiona, ukacheka, ukaniambia uzee umenifikia. Ni kweli umenifikia. Lakini nilihitaji kukupa mgongo kidogo, na chumba cha vitabu kilikuwa karibu.

Sasa umekwenda kumuaga shangazi yako Kavira, na mbwa umeniachia. Amelala juu ya kiatu changu, kila nikisogeza mguu ananung'unika. Nina kama saa mbili kabla hujarudi.

Mambo ya safari sitayaandika. Unajua kamyo ya mizigo inaondokea wapi, barua yako ya kupangiwa kazi umeifunga ndani ya nailoni, na blanketi umekataa mara mbili kubeba lile zito, kwa hiyo utasikia baridi na utajifunza. Ninajibu lile swali la asubuhi tu. Jibu lake ni refu kuliko ulivyodhani, na sehemu kubwa yake inakuhusu wewe kuliko mbwa.

Unamkumbuka Medori. Unamkumbuka akiwa mzee, mdomo mweupe, jicho moja limefunikwa na ukungu, akikubali umpande mgongoni hapa hapa uani. Nadhani ni yeye aliyekufanya upende mbwa. Lakini Medori alikuja kwetu kabla hujazaliwa, tulipokuwa bado Mabalako, na hakuja kama mbwa wa kawaida.

Mwaka wa uhuru, mzungu mwenye shamba la kahawa nyuma ya shule yetu alifunga nyumba yake kwa haraka. Alikuwa na gari moja na vitu vingi, na mbwa hakupata nafasi. Aliniita mimi kwa sababu nilikuwa mwalimu na nilisoma Kifaransa. Akanipa kamba, na mwisho wa kamba alikuwa Medori, mkubwa, mweusi mgongoni, masikio yamesimama. Kisha akanipa karatasi. Ilipigwa kwa mashine, imekunjwa mara nne, na ilieleza chakula cha mbwa huyo: yai moja kila asubuhi, nyama au samaki kila siku, maziwa yakipatikana, na muhogo asipewe kabisa.

Ningependa uelewe jinsi nilivyoiona karatasi ile. Watu wengine walipata uhuru kwa namna zao. Mmoja alihamia nyumba ya matofali, mwingine alipata kiti ofisini. Mimi nilipata mbwa wa mzungu aliyelala ndani ya nyumba, na maandishi ambayo kijijini kote ni mimi peke yangu niliyeweza kuyasoma. Niliyatafsiri kwa Kiswahili, nikayaandika kwa mwandiko wa ubaoni, nikayabandika kwenye mlango wa jikoni. Mama yako alisimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilibatizwa toka zamani na sijaandikiwa nitakula nini. Huyu amefika jana, tayari iko na Biblia yake."

Nilicheka pamoja naye. Lakini sikuiondoa.

Mayai hayakuleta ugomvi nyumbani, na hapo ndipo mambo yalipojificha. Unajua kwetu zamani mtoto mdogo hakupewa yai. Nyanya yako, mama yangu mzazi, alishika sana jambo hilo. Mtoto akila yai, alisema, atachelewa kusema, na akishasema atakuwa mwizi. Wanawake nao hawakuyala. Kwa hiyo kuku sita walitaga, mengine tuliyaacha yaatamiwe, mengine nilikula mimi wageni wakifika, na moja kila asubuhi alikula Medori. Hakuna aliyeona amenyang'anywa kitu.

Ila darasani mambo yalikuwa tofauti. Kila mwaka, darasa la nne, nilikuwa na somo la afya. Nilichora yai ubaoni, nikachora samaki na harage, na chini yake nikaandika: *Hivi hujenga mwili wa mtoto.* Watoto walisoma kwa sauti moja mpaka wapita njia wakasikia. Kisha nilifuta ubao, nikarudi nyumbani, nikavunja yai kwenye bakuli la mbwa. Nakuambia hili mapema ili usije ukanitetea kwamba sikujua.

Ulizaliwa miaka miwili hivi baada ya uhuru. Ulikuwa mnene. Ulitembea mapema, na kwa kuwa ulimshika Medori mkia ili usimame, nilisema kwa kujisifu kwamba mbwa wangu anafundisha kuliko mimi.

Kisha waasi walifika Beni. Sisi hatukungoja wafike Mabalako. Walimu walikuwa wakitafutwa kama watu wa serikali, na karani mmoja tuliyemjua alikuwa ameshachukuliwa. Tulivuka mto kwenda kwenye shamba letu la ndani, porini, kulikokuwa na kibanda cha kulalia wakati wa kuvuna. Tulikuwa mama yako, nyanya yako, wewe mgongoni, na mimi. Kuku wawili walikuwa kikapuni. Medori alitangulia. Ndani ya Biblia nilikuwa nimetia ile karatasi.

Tulikaa kule miezi mingi. Muhogo ulikuwepo, na sombe, majani yake, na ndizi kidogo. Chumvi iliisha. Samaki wakavu wa ziwani, waliokuwa wakitufikia sokoni, hatukuwaona tena. Harage tulilokuwa nalo tulilila likaisha. Lakini kuku wawili wale waliendelea kutaga, kwa zamu, kana kwamba hawakuambiwa kuna vita.

Na yai lilikwenda kwa Medori. Nilisema ni mlinzi wetu. Nilisema masikio yake yatasikia waasi kabla yetu, na kwamba mbwa akidhoofika hubweka ovyo na kututoa maficho. Nilieleza vizuri, nilikuwa mwalimu. Katika miezi ile yote Medori alibweka kwa nguvu mara moja tu. Aliyebwekewa alikuwa mwanamke wa shamba la jirani aliyekuja kuuliza kama tuna chumvi.

Mama yako alikuwa na mimba ya mdogo wako Paluku wakati huo, na kama ilivyokuwa desturi alikuachisha ziwa mara alipojijua. Ulikuwa umetimiza miaka miwili. Ukabaki na bugali na sombe, asubuhi na jioni.

Asubuhi moja alitoka na yai mkononi, bado lina joto. Hakunitazama mimi, alilitazama yai.

"Mwalimu, hili la leo tumupe Masika?"

Nyanya yako alikuwa akimenya muhogo. Hakuinua kichwa. "Unataka mutoto awe bubu? Mupe mbwa, iko na kazi."

Wakanitazama wote wawili, nami ndiye niliyepaswa kusema. Mimi niliyekuwa nikikemea imani za namna hiyo mbele ya watoto arobaini, ambaye nyanya yako mwenyewe aliniogopa kidogo kwa sababu ya vitabu vyangu. Ningesema neno moja. Lakini nyuma yangu Medori alikuwa amekaa, ananingoja kama alivyoningoja kila asubuhi, manyoya yanang'aa, na nilipenda kuwa mtu ambaye mbwa kama yule anamngoja. Kila kitu kingine nilichokuwa nacho kilibaki ng'ambo ya mto. Siku ile desturi ya mama yangu ilinifaa.

Nikasema, "Tufuate maneno ya mama."

Mama yako alinipa yai. Hakurudia kuuliza.

Ilianza miguuni. Ukibonyeza, kidole kiliacha shimo. Tukadhani umenenepa. Kisha uso ukajaa, nywele zikawa nyekundu na laini kama nyuzi za mahindi, zikang'oka ukichanwa. Uliacha kucheza. Ulikaa pale ulipowekwa. Medori alikuja kukunusa nawe hukunyoosha mkono. Nyanya yako alikuwa wa kwanza kutaja jina la ugonjwa: bwaki. Na akataja sababu, ile ile iliyotajwa kila mahali kwetu: mama ameshika mimba nyingine haraka, maziwa yameharibika, na mtoto ameyanywa. Alisema mbele yako, mbele yangu, na mbele ya mama yako aliyekuwa akikukanda miguu kwa maji ya moto.

"Alikimbilia mimba," akasema. "Sasa ona."

Nilikuwa baba wa mimba hiyo. Hakuna aliyesema nimekimbilia kitu.

Askari wa serikali walipofungua barabara tulitoka porini, tukaenda moja kwa moja Beni, kwenye zahanati. Nilikubeba mimi, mama yako alikuwa mzito. Medori alitufuata. Muuguzi alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, amepangiwa kwetu na serikali, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala na Kifaransa. Mstari ulikuwa mrefu, watoto wengi kama wewe. Alikubonyeza mguu, akavuta unywele mmoja, akaandika.

"Mama, huyu mutoto anakulaka nini?"

"Bugali na sombe, monsieur."

"Samaki?"

"Toka vita, hapana."

"Mayai?"

"Batoto ba kwetu habakulaka mayai."

Akaweka kalamu chini. Hakukasirika, alionekana mtu aliyeuliza swali hilo mara nyingi siku ile. "Donc kuku muko nayo. Yale mayai inaendaka wapi?"

Medori alikuwa amelala mlangoni, kivulini. Watu waliokuwa nje walikuwa wakimsifu, wanauliza ni mbwa wa nani mwenye afya hivyo katika nyakati hizi. Nilisikia. Muuguzi alisikia pia, akageuza macho kidogo upande wa mlango. Nilifungua mdomo, na nakuapia kwamba sijui nilitaka kusema nini.

Mama yako akasema, "Hatuko na kuku, monsieur. Walikufa porini."

Kikapu chenye kuku wale wawili kilikuwa kando ya mguu wake, kimefunikwa kitenge.

Muuguzi alichukua tena kalamu. Kisha akaeleza, polepole, kwamba ugonjwa huu hauletwi na maziwa wala na mimba, ni mwili uliokosa chakula cha kuujenga. Alitaja harage, karanga, samaki, mayai. Alitaja vile vitu nilivyochora ubaoni, karibu kwa mpangilio ule ule. Mama yako aliitikia kila neno, "Ndiyo, monsieur," kama mwanafunzi, mimi nimesimama nyuma yake.

Kuanzia jioni ile mayai yalikuwa yako. Alikuchemshia, akakulisha kwa kidole, na nyanya yako alipofungua mdomo mama yako alisema, "Mama, akikuwa mwizi nitamufunga mimi mwenyewe." Ulipona taratibu. Siku uliyomvuta Medori sikio akalia, mama yako alikaa chini uani, akafunika uso kwa kitenge.

Na Medori? Hapa ndipo swali lako linapata jibu, na ndipo mimi hupata taabu zaidi. Nilidhani atakufa. Alipewa bugali wa mahindi kama mbwa wengine wote, na mchuzi wa vichwa vya samaki barabara ilipofunguka, na harage lililobaki. Siku tatu alikataa, ananitazama. Siku ya nne alikula. Mwezi ulipokwisha alikuwa amepungua tumbo kidogo na anakimbia vizuri kuliko awali. Aliishi hivyo miaka mingi, Beni kisha hapa Butembo, mpaka uzee ukamchukua. Hakuhitaji lile yai. Nilipojua hivyo niliichoma karatasi, na kuichoma hakukunisaidia kitu.

Kwa hiyo mpe bugali wa mahindi, laini, uliopoa. Changanya na mchuzi wa vichwa vya ndakala, wale dagaa, au vya samaki wa ziwani, usio na chumvi wala pilipili. Mchinjaji akikupa utumbo au mapafu, vichemshe sana. Huyu bado mdogo, mlishe mara tatu kwa siku, kidogo kidogo. Akikua, mara mbili. Chakula kipya usimbadilishie siku moja, atahara, kiingize polepole. Maganda ya muhogo mchungu yaweke mbali naye, na mifupa ya kuku iliyopikwa pia, huvunjika kama sindano. Usiache watu wamnyweshe pombe ya kasiksi ili wacheke. Maji safi, kila siku. Na yai mpe likibaki. Likibaki, Masika, baada ya kila mtoto atakayekuwa mezani kwako, wa kuzaa au wa kulea.

Ningekuwa mwaminifu nusu tu kama ningeishia hapo.

Kosa la porini lilidumu miezi. La pili limedumu miaka yote iliyofuata. Tulikuja Butembo kama wakimbizi. Nyumba ya Mabalako ilikuwa imechomwa, mabati yamekwenda, miti ya kahawa ina mwenyewe mwingine. Nilisema tutarudi baada ya mvua, nikasema hivyo kila mvua, na mpaka leo jirani akinitaja husema yule mzee wa kule Mabalako. Kwa mtu aliyekuja, sifa ya nyumba yake ni kitu anachokilinda sana. Na maneno ya bwaki yalitutangulia. Nyanya yako aliyasema, shangazi yako Kavira aliyachukua, akayapeleka mpaka kwa wanawake wa kanisa. Mama yako alikuwa yule aliyekimbilia mimba. Mabinti walipoolewa, alionyeshwa kama mfano. Siku moja walimwomba asimame mbele ya mama vijana aeleze alivyokosa ili wajifunze. Alisimama. Nilikuwa benchi la nne upande wa wanaume.

Nilimwuliza mara moja tu kwa nini alisema hatuna kuku. Alikuwa akichambua mchele, hakusimama.

"Ungesema nini, Mwalimu? Wangekucheka mpaka Lubero. Mimi walikuwa wanasemaka tayari."

Sikumshukuru. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe ameamua.

Halafu wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, mmegombana juu ya kitu ambacho sikikumbuki, labda maji, labda shule. Ulimwambia, "Wewe uliniachisha ziwa ili upate mutoto mwanaume. Kidogo nife juu yako." Ulikuwa umeyasikia kwa shangazi, mtoto huamini. Mama yako alishika mlango. Akanitazama. Nilikuwa kwenye kiti hiki hiki, na kitabu, na Masika, niligeuza ukurasa. Sikuwa nimemaliza kusoma ule niliougeuza.

Alitoka kwenda kuchota maji. Hamkuzungumza juu ya hilo tena, najua, kwa sababu aliniambia siku chache kabla hajafa. Aliniambia bila kulalamika, alitaka tu kujua kama wewe bado unaamini. Nilimwambia nitasema nawe. Ni miaka mitatu sasa tangu tumzike, na kila Jumapili nilipata sababu ya kungoja Jumapili nyingine.

Basi nasema. Mama yako hakukukosea. Maziwa yake hayakuwa mabaya. Aliomba yai kwa ajili yako na mimi nilimnyima, nikampa mbwa, kwa sababu ya fahari. Kisha akachukua aibu yangu akaibeba hadharani, na mimi nilimwacha aibebe mpaka kaburini. Ulipomtamkia yale maneno ulikuwa mtoto aliyedanganywa, na aliyekudanganya kwa kunyamaza ni mimi. Lawama hiyo usiipeleke Kanyabayonga. Ni yangu, iache hapa.

Sikuombi unisamehe kabla ya safari. Itakuwa ni kukuharakisha, na mimi nimechelewa miaka mingi. Nilikuwa nimefikiri kuitia barua hii ndani ya mzigo wako uisome ukishafika. Kisha nikaona ni kutorokea mlango uleule wa nyuma. Nitakupa mkononi leo hii, usome ukiwa bado chini ya paa langu, na kesho ukipenda kupanda kamyo bila kunipa mkono, nitabeba mzigo wako mpaka barabarani na kurudi.

Mbwa ameinua kichwa. Nasikia sauti yako njiani, na ya shangazi yako. Amekusindikiza, kama kawaida yake, anasema kwa nguvu ili majirani wasikie. Anataja jina la mama yako, sijui kwa lipi.

Mtafika uani sasa hivi. Nitatoka na karatasi hizi mkononi, na kabla sijakupa wewe nitamwomba Kavira akae chini, na nitamsomea yote kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Baba yako